Haba na haba, hata kwa wanyanyua vyuma

Katika likizo moja ya mwaka 1994, nikiwa kidato cha tatu, niliamua kuwaonyesha vijana wenzangu wa Garissa kwamba mimi ni dume kamili. Lori la mahindi lilikuwa limewasili sokoni kutoka Nairobi, na abti yangu, ndugu wa mama, alikuwa miongoni mwa mahamali waliolishusha. Abti alilituliza gunia la kilo 90 kifuani, akakunja magoti kidogo, na mara likawa juu ya rundo lililopita kichwa chake.

"Kumbe ni jambo rahisi!" nikajiambia.

Alipokwenda kunywa chai, wenzangu wawili walinisaidia kulifikisha gunia kifuani. Hapo nilijiona Samsoni. Nilipojaribu kulipandisha juu, kitu kilifyatuka mgongoni. Gunia likaanguka huku, mimi kule. Shule zilipofunguliwa, wenzangu walirudi darasani. Mimi nilikuwa bado kwenye mkeka, hooyo akinikanda kwa mafuta ya simsim, na karo ya muhula imekwisha kulipwa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mwanangu. Siku hizi jioni zake huishia uani kwa jirani, ambako vijana hunyanyua bomba lenye mikebe ya saruji kila upande. Juzi alinijia na simu, macho yakimng'aa, akanionyesha video ya Cheick Sanou wa Burkina Faso, ajulikanaye kama Iron Biby.

Mtu huyo alichekwa utotoni kwa unene wake. Mwaka 2021, mjini Glasgow, alinyanyua gogo la kilo 229 na kuvunja rekodi ya dunia. Gogo lenyewe ni la chuma, na mishikio yake imo ndani. Mshindani hulitoa chini, hulipakata, hulizungusha hadi kifuani, kisha hulisukuma juu ya kichwa mpaka mikono inyooke na mwamuzi aridhike.

"Baba, mimi nitafika huko lini?" aliuliza mwanangu. "Mwezi ujao nataka kuongeza mikebe miwili."

Nikamwambia achukue kalamu. Mwaka 2012, Žydrūnas Savickas wa Lithuania alinyanyua gogo la kilo 220. Mwaka 2015 akafika 228. Hizo ni kilo nane kwa miaka mitatu, na huyo alikuwa bingwa wa dunia mara kadhaa! Kisha akaja Iron Biby na 229. Hesabu, mwanangu: kilo moja kwa miaka sita. Nami nilitaka kuruka kutoka dumu la maji la kilo 20 hadi gunia la 90 kwa dakika moja.

Abti aliponijia mkekani siku ile hakunigombeza. Aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza sokoni alibeba madumu ya maji ya Mto Tana tu. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona ngamia akipakiwa. Nani katika nchi yetu hajaona? Ngamia hupigishwa magoti kwanza, na mzigo ukizidi hulia na kukataa kusimama. "Mnyama huyo anajua kipimo chake," abti alisema. "Wewe umesoma hadi kidato cha tatu na hujui chako."

Wala msidhani abti mwenyewe alisalimika. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mizigo inayobebwa na wanaume kwa nguvu za mwili, ikizidi kilo 55, ipunguzwe haraka. Gunia la abti halikusikia ushauri huo. Bingwa hunyanyua gogo lake, akapigiwa makofi, akaenda kupumzika. Abti alikuwa na gunia jingine likimngoja, na jingine, juani, na hakuna mwamuzi aliyeandika lolote. Leo magoti yake hayamruhusu hata kuinuka kwenye kiti bila fimbo. Madaftari yangu ya shule yalinunuliwa kwa magoti hayo.

Mwanangu alinyamaza. Jioni nilichungulia uani kwa jirani. Alikuwa na mikebe yake ileile, hajaongeza hata mmoja. Ijumaa tutakwenda pamoja kumwamkia abti, na gunia la sukari tutakalompelekea tutalibeba wawili.