Stovu Iliyokataa Kuwaka

Katika nchi za baridi nyumba yenyewe hupashwa moto kwa mtambo, na mtambo huo ukikataa kuwaka usiku wa Januari, wenye nyumba huwa mashakani. Sisi wa Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, hatujapata kuhitaji mtambo wa namna hiyo. Jua letu hutupa joto kuliko tunalolitaka. Lakini ilikuwapo siku moja ambayo nyumba yetu ilihitaji moto kama nyumba yoyote ya Ulaya, na moto ukakosekana, na mwenye dhamana ya moto huo nilikuwa mimi.

Ilikuwa Novemba 1997, wakati wa mvua zile zilizojulikana duniani kote kwa jina la El Niño. Wazee wetu walikwisha kuona masika mengi, lakini mvua ile haikujua majira. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku, ikanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikaanza tena. Kuni zilizokuwa uani ziliota ukungu. Makaa yaliyokuwa yakiletwa kutoka upande wa Kinango hayakufika, kwa maana njia ziligeuka matope. Katika hali hiyo dada yangu akajifungua mtoto wake wa kwanza.

Msomaji aliyelelewa pwani anajua maana ya jambo hilo. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, wala si ya vuguvugu, mpaka arobaini yake itimie. Kazi hiyo ilikuwa ya Nyanya, na Nyanya hakuwa mtu wa kuahirisha jambo. Siku ya nne asubuhi alikaa mlangoni pa chumba cha mzazi, kitambaa cha kukandia mapajani, akaniita kwa utani wa bibi na mjukuu: “Mume wangu, maji yako wapi?”

Kuni hazikufaa, makaa hayakuwapo. Iliyobaki ni stovu ya pampu. Vijana wengi wa leo hawaijui, kwa sababu nyumba nyingi za Ukunda na Diani siku hizi hupikia gesi, basi nitaieleza. Ni tangi dogo la shaba lenye miguu mitatu, na ubavuni lina pampu. Mafuta ya taa hutiwa ndani. Juu, chini ya kichwa cha stovu, pana kibakuli kinachotiwa spiriti. Spiriti huwashwa kwanza ili kichwa kipate moto; inapokaribia kwisha, skurubu ya hewa hufungwa na pampu hupigwa. Hewa iliyobanwa husukuma mafuta katika bomba mpaka kwenye kichwa chenye moto, nayo hugeuka mvuke, na mvuke huo hutoka katika kitundu chembamba kuliko ncha ya sindano, ukawaka kwa moto wa buluu wenye kunguruma. Kichwa kisipopata moto wa kutosha, mafuta hutoka yakiwa majimaji, na badala ya ngurumo hupata mwali wa njano na masizi ya kuwatosha majirani. Stovu ya aina hii ilibuniwa na Mswidi mmoja, Frans Wilhelm Lindqvist, mwaka 1892, ikaitwa Primus. Roald Amundsen na wenzake walizitumia stovu hizo katika safari yao ya Ncha ya Kusini mwaka 1911. Iliyoweza kuwaka kwenye barafu ile haikutaka kuwaka jikoni kwetu.

Nilifanya yote niliyoyajua, na niliyafanya ovyo. Nilichoma kitundu kwa sindano yake. Nikapiga pampu mpaka bega likaniuma. Nikatia spiriti kidogo, maana ilikuwa imebaki kidogo, nikawasha. Moto ukainuka, ukatema cheche, ukazimika. Nikachoma kitundu tena. Nikafanya vile vile mara ya tatu, kana kwamba stovu ingenionea huruma kwa kurudia kosa lile lile. Kutoka chumbani nilisikia kilio cha mtoto mchanga, na sauti ya dada akiuliza kama maji yamepatikana.

Hapo jirani mmoja, dereva wa lori, akanijia kwa nia njema na chupa ya soda yenye petroli. Alisema mafuta yangu ni mazito, yakichanganywa na petroli kidogo yatawaka mara moja. Kweli yangewaka. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi; petroli hutoa mvuke wa namna hiyo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kuitia petroli katika tangi lenye hewa iliyobanwa, karibu na mwali, hatua chache kutoka kitanda cha mzazi, ni jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi. Nilikwisha kufungua kifuniko cha tangi nilipoona kivuli mlangoni.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Chupa hiyo ina nini?”

Nilipomjibu hakunigombeza. Aliichukua chupa, akatoka nayo mvuani mpaka mwisho wa ua, akarudi ameloa mikono mitupu. Mjomba alikuwa mtumishi wa boila katika kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa mwaka 1988. Alizoea moto mkubwa, uliolishwa makapi ya miwa, na labda ndiyo sababu hakuudharau moto mdogo.

“Unatafuta nini?” akaniuliza.

“Nimezibua kitundu mara tatu, Mjomba.”

“Sikukuuliza umefanya nini.”

Sikuwa na jibu. Akaketi juu ya kibao cha mbuzi, akaanza kuihoji stovu kama kadhi anavyohoji mashahidi, mmoja mmoja, akianza na wale wasiogharimu kitu. Alitikisa tangi: mafuta yamo. Akaifunga, akapiga pampu, mkono ukarudishwa na hewa: ngozi ya pampu nzima. Akapaka povu la sabuni kwenye skurubu na kifuniko, kama mtu anayetafuta tundu la mpira wa baiskeli, halikutoa viputo. Akajaza spiriti kibakulini, yote iliyobaki, wala hakuifanyia ubahili. Kichwa kikapata moto barabara. Akapiga pampu. Mwali wa buluu ukatokea, ukanguruma kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha ukakohoa na kutema, ukafa.

“Inakohoa,” alisema. “Nipe chupa nyeupe.”

Aliyamimina mafuta ya tangi katika chupa, akaiweka dirishani, tukangoja. Polepole yakajitenga. Chini palikaa maji meupe, kimo cha vidole viwili, na juu yake mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa, na bomba la stovu hunyonya karibu na sakafu ya tangi; asubuhi nzima nilikuwa nikijaribu kuwasha maji ya mvua.

Mjomba aliligeukia dumu la mafuta. Lilikuwa chini ya mchirizi wa paa, nilikoliweka mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa wazi. Kizibo chake nilikipoteza siku tatu kabla, nikanyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Alilitazama dumu, akanitazama mimi, akarudi kwenye kazi. Aliyachuja mafuta ya juu taratibu kwa kitambaa, akalisafisha tangi, akanituma kwa jirani kuomba spiriti. Niliporudi alinisogezea stovu. “Washa wewe.”

Ikanguruma. Sufuria ya kwanza ilipochemka Nyanya aliipokea bila kusema neno, nami nikasikia maji yakimiminwa beseni, na dada akiguna kitambaa kilipomgusa mgongo.

Adhuhuri nilimwambia Mjomba habari ya kizibo. Alikuwa akijua. Tulikaa barazani, yeye akichonga gunzi la hindi kwa kisu, mpaka likaingia barabara katika mdomo wa dumu.