Damu ya Sukari

Jioni moja hapa Mangobo, mjini Kisangani, tulikaa na watu wa mtaa kutazama sinema ya kutisha ya Marekani iliyotoka mwaka 1981, iitwayo The Evil Dead. Vijana watano wanaingia katika nyumba ya porini, na pepo wabaya wanawapagaa mmoja mmoja.

Ilipokwisha, kila mtu akatoa neno lake. Kijana mmoja akacheka: "Mchezo tu!" Mwingine akasifu ufundi wake. Lakini mama mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Ndivyo anavyofanya mtoto wa marehemu dada yangu. Huanguka, macho yakawa meupe." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Sisi katekista tulinyamaza, na hilo ni kosa letu.

Kesho yake tukasikia kwamba mtoto amelala nje, akiitwa mchawi. Tukaenda mbio. "Mama," tukasema, "Sam Raimi na wenzake walikuwa vijana wenye fedha kidogo. Damu ile ni sukari ya mahindi iliyotiwa rangi. Macho yale ni vifuniko tu, hata wachezaji hawakuona njia. Mtoto wako hachezi; ana kifafa, nacho kina dawa. Tena sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu amsingiziaye mtoto uchawi."

Mama akalia, akamrudisha ndani. Sasa mtoto anameza dawa.

Basi, ndugu, tukitazama sinema, tusiwahukumu watoto wetu kwayo. Na anayejua kweli asinyamaze.