Nairobi hadi New York

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy ni kilomita 11,800 hivi, ukipima kwa njia fupi kuliko zote. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya Kenya Airways inayokwenda huko bila kutua popote. Huondoka usiku. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu nyepesi inapopata joto la mchana, ndege iliyojaa mafuta huinuka kwa shida. Baridi ya usiku husaidia.

Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama saa 14. Umbali ni uleule. Huko juu upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, basi huipinga ndege ikienda na kuisukuma ikirudi.

Aristotle aliligusa jambo hili, tena bila ndege. Katika kitabu cha tatu cha Fizikia anakubali kwamba kati ya vitu viwili kuna umbali mmoja tu. Lakini kuwa mbali kutoka hapa hadi kule, asema, si sawa na kuwa mbali kutoka kule hadi hapa. Darasani mafrateri wengine walicheka, wakaona mzee anacheza na maneno. Mimi nilimfikiria dada yangu.

Dada anaishi New York, anatunza wazee. Baba alipofariki, karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Nauli alikuwa nayo. Ila angetoka, huenda asingeruhusiwa kuingia tena, na karo ya mdogo wetu ilitoka mfukoni mwake. Matangani watu walinong'ona: kwani Amerika ni mbali kiasi gani, mtu asije kumzika babake? Mama aliwasikia. Akasema tu, "Ni mbali."

Misa ya mazishi ilianza saa nne asubuhi, kwake saa tisa za usiku. Aliifuata kwenye simu ya binamu yetu, amevaa nguo nyeusi, peke yake jikoni, akiitikia kila sala. Wakati wa kutupa udongo, mtandao ulikatika.

Wakati mwingine katika mahubiri tunakimbilia kusema kwamba ndani ya Kristo hakuna umbali. Naamini hivyo. Lakini Neno alitwaa mwili, na mwili lazima uwe mahali fulani. Martha alimwambia Bwana waziwazi kwamba angalikuwapo, nduguye hangalikufa. Bwana hakumkemea kwa kujali mahali. Alilia, akaenda hadi kaburini.

Karatasi za dada zilitoka mwaka huu. Anakuja Desemba. Kaburi limekwisha kusakafiwa, lakini kando yake Mama amezuia pasipandwe chochote, na ameshaniuliza mara tatu ndege hutua saa ngapi.