Ukerewe: Siku Tatu Katika Kata ya Diwani Mmoja

Wengi wenu mmesikia habari za Ukerewe kwa ajili ya machungwa yake na samaki wake. Ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Viktoria, nacho kimezungukwa na visiwa vingi vidogo, na upande wa kaskazini kipo kisiwa cha Ukara. Vyote pamoja ni wilaya moja ya Mkoa wa Mwanza, na mji wake mkuu ni Nansio. Kwa mambo ya Kanisa, Ukerewe imo katika Jimbo la Bunda lililoundwa mwaka 2010. Lakini leo sitaki kuwaeleza habari za machungwa na samaki tu. Nataka kuwaeleza kazi ya diwani, kama nilivyoiona huko kwa siku tatu.

Mtu atokaye Mwanza aweza kupanda meli mpaka Nansio. Aweza pia kupita nchi kavu, kwa njia ya Bunda mpaka Kisorya, kisha akavushwa kwa kivuko mpaka Rugezi. Mimi nalifuata njia hiyo ya pili. Mara tu ukifika ng'ambo utaona mawe: mawe makubwa ya kijivu, mengine yamepandana kama magunia ghalani. Juu ya mawe yale akina mama huanika mihogo, na chini yake mna mashamba madogo madogo yaliyolimwa vizuri. Hakuna ardhi inayolala bure, maana watu ni wengi. Nalipita Kagunguli, misioni ya kale ya Mapadre Weupe, alikoishi marehemu Aniceti Kitereza, yule mwandishi aliyeandika maisha ya Wakerewe wa zamani. Kisha nikashika njia ya mchanga, nikafika kijiji kimoja kando ya ziwa, kwa rafiki yangu ambaye ni katekista wa kigango.

Jina la kata ile sitalitaja, wala jina la diwani. Mwenyewe aliniomba hivyo. Alisema, "Bwana Karani, ukiandika, andika kazi. Mtu hupita."

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbushane diwani ni nani. Zamani Ukerewe ilikuwa na mtemi wake, na chini yake walikuwapo wakubwa wa vijiji. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria nchini mwetu mwaka 1963, na kazi ile ikaachwa kwa halmashauri za kuchaguliwa. Mwaka 1972 halmashauri nazo zikavunjwa, mambo yakaendeshwa na Serikali yenyewe. Baada ya miaka 10, yaani mwaka 1982, ikatungwa sheria ya kuzirudisha. Basi tangu hapo kila kata humchagua diwani wake, kwa kawaida kila baada ya miaka 5. Yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, nao wenyeviti wa vijiji ni wajumbe wake. Tena ndiye anayechukua maneno ya kata yake mpaka kwenye Baraza la Madiwani la wilaya. Hana mshahara kama wa mwalimu, hupewa posho. Wala hana fungu lake la fedha la kujenga shule au kisima. Mali yake kubwa ni maneno yake na miguu yake.

Siku ya kwanza, Jumamosi, palikuwa na msiba. Mzee mmoja mvuvi alikuwa amefariki, na watu walikusanyika tangu alfajiri. Nikaona wanaume wanne wamo kaburini wakichimba, maana ardhi ile ina mawe na kazi ni ngumu. Mmoja wao, mwenye shati lililolowa jasho, alitoka, akampokeza mwenzake sururu, akanawa mikono, akanisalimu. Katekista akaniambia, "Huyo ndiye Mheshimiwa Diwani." Mimi nalikuwa nikimtafuta kwenye viti vya mbele!

Palikuwa na watu wasiopendezwa. Kijana mmoja karibu nami alinong'ona, "Diwani gani huyu? Wa kata ya pili akija msibani hutoa bahasha. Huyu hutoa jasho." Mwenzake akamjibu, "Bahasha ile utaizika pamoja na marehemu?" Wakanyamaza, maana Padre alikuwa amefika.

Jioni yake nilimwuliza diwani juu ya neno lile. Hakukasirika. Alisema kwamba katika kata yake hakosi kusikia msiba, arusi na mchango wa kwaya karibu kila juma. Akitoa fedha kila mahali, posho yake itakwisha kabla ya mwezi kufika nusu. "Na fedha zikiisha," akasema, "nitazitafuta wapi nyingine? Hapo ndipo diwani huanza kuuza kura yake katika Baraza." Neno hilo niliandika katika daftari langu usiku uleule.

Siku ya pili, Dominika, tulisali kigangoni. Diwani alikaa benchi la kati pamoja na mkewe na watoto. Baada ya Misa palikuwa na harambee ya mabati ya kigango. Mwongozaji akamwita mbele kama mgeni rasmi. Akakataa kwa adabu, akasema, "Mimi si mgeni hapa. Mimi ni wa jumuiya ile ya kando ya ziwa, na kila nyumba katika jumuiya yetu imepangiwa kiasi chake." Akatoa kiasi kilekile. Kisha akaongeza kwamba Jumatano atakuja pamoja na wanawe kusomba mawe ya msingi wa nyumba ya katekista. Waamini wengine walipiga makofi, na wengine walitazamana. Nilifikiri juu ya ule msemo wetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa amelichukua jembe bila kungoja siku ya tatu.

Lakini siku iliyonifundisha zaidi ni ya tatu, Jumatatu, siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwanza nilishangaa kwa nini siku ile ilichaguliwa. Katekista akanieleza. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, nao huvua vizuri wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haufai kitu, basi hupumzika nchi kavu. Zamani mkutano uliitwa siku yoyote, wavuvi wakakosa kuja, kisha wakakataa yaliyoamuliwa bila wao. Diwani ndiye aliyemwomba Mwenyekiti wa kijiji atazame mwezi kwanza, ndipo aandike tangazo. Tazama jambo dogo lilivyo na faida! Siku ile chini ya mwembe walijaa wanaume kwa wanawake, hata wengine wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa.

Neno kubwa lilikuwa zahanati. Mama akishikwa na uchungu katika kijiji kile hupelekwa kwa pikipiki katika njia ya mchanga, au kwa mtumbwi, mpaka apate msaada. Na watu wa wilaya hii huogopa maji wakati wa haraka. Hawajasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, huko Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwa hiyo wanakijiji walijichanga, wakasomba mawe na mchanga, wakanunua saruji, wakainua kuta mpaka usawa wa lenta. Desturi ya siku hizi ni kwamba wananchi wakifikisha jengo hapo, huiomba halmashauri iwasaidie kuezeka na kumaliza. Lakini kazi ilikuwa imesimama, na michango ilikuwa haiji tena.

Mtendaji wa kijiji akasoma mapato na matumizi. Alipomaliza, mvuvi mmoja akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, mimi nilitoa, na risiti ninayo. Mifuko ya saruji tuliihesabu kwa macho yetu, ilikuwa 40. Daftari linasema imetumika 28. Je, ile 12 imeyeyuka?" Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha furaha. Mtendaji akatazama daftari lake. Mwenyekiti akatazama mwembe. Nikaona kwamba hapo ndipo michango ilipofia.

Diwani alikuwa ameketi pembeni, maana mkutano wa kijiji si wake. Mwenye kiti ni Mwenyekiti. Akaomba nafasi, akasimama. "Swali hili lanihusu mimi. Wakati wa masika choo cha wasichana pale shuleni kilibomoka. Mwalimu Mkuu alinijia usiku. Nilimwambia Mtendaji atoe mifuko 12, nikasema nitaleta habari mkutanoni. Siku ya mkutano nilikuwa Nansio barazani, na mkutano uliofuata sikusema. Choo kimejengwa, mwaweza kwenda kukitazama. Lakini saruji haikuwa yangu."

Kukawa na kelele. Wengine walisema afukuzwe, wengine walisema amefanya vema. Ndipo akasimama bibi mmoja mwenye fimbo. "Mwanangu," akasema, "wajukuu wetu wamepata choo, tunashukuru. Lakini mama mjamzito hajifungulii chooni. Mngetuuliza, tungekataa?" Diwani akajibu, "Msingekataa, bibi." Bibi akasema, "Basi ndiyo sababu tumekasirika." Akaketi.

Kijana mmoja akapaza sauti kwamba diwani alipe mifuko yote kutoka mfukoni mwake. Naye diwani akasema yu tayari kulipa kidogo kidogo. Wengi waliitikia, na mimi nilidhani neno limekwisha. Lakini mzee mmoja aliinua mkono, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Akilipa peke yake, kesho atasema zahanati ni yake. Saruji ilijenga choo cha watoto wetu. Basi sisi wenye watoto tuirudishe. Yeye alipe kwa kutuambia kweli, tena mapema."

Hivyo ndivyo walivyoamua. Mifuko 12 itarudishwa kwa mchango wa wazazi wa shule, na diwani atatoa kama mzazi mwingine. Ghala litafungwa kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa Mtendaji, wa pili kwa mama mmoja aliyechaguliwa na mkutano. Hesabu itabandikwa katika ubao wa matangazo, wala haitasomwa tu. Walipokwisha kuamua hayo, Mwenyekiti aliuliza kama mchango wa zahanati uendelee. Mikono iliinuliwa, ya wavuvi pamoja na ya wakulima. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi wengi hao waambiwe kweli.

Mtu mmoja akamtaka diwani aahidi mabati. Hakuahidi. "Mabati hayamo nyumbani kwangu," alisema. "Ninaloahidi ni kulisema jambo hili katika Baraza, na kuwaletea jibu, likiwa tamu au chungu, kabla mwezi mkubwa wa tatu haujapita." Nilipoondoka kisiwani kuta zile zilikuwa bado wazi juu, na rundo la mawe mapya lilikuwa limeanza kando yake.

Ndugu zangu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliisifu kazi ya wale wanaojitoa kuwatumikia watu katika mambo ya utawala, ukawahimiza wanaofaa wajiandae kwa kazi hiyo ngumu na tukufu. Lakini sisi nyumbani twafanya nini? Mara nyingi twamgeuza diwani kuwa mfuko. Arusini twamwita, harambee twamwita, hata kanisani twampa kiti cha mbele ili atoe. Kisha siku ya mkutano wa kijiji, siku ya kumwuliza habari za barabara, dawa na shule, twabaki nyumbani au twakaa kilabuni. Kiongozi akifanywa mfuko, naye atatafuta mahali pa kuujaza. Baadaye twalia kwamba ameoza, na tulioanza kumwozesha ni sisi.

Basi nawaombeni mambo matatu, wazazi wapendwa. La kwanza, nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anayo haki, mwanamume na mwanamke. Mkiwa na vijana wa umri huo, nendeni nao wajifunze kusikiliza na kuuliza kwa heshima. La pili, ulizeni hesabu, hata za mchango mdogo, hata za kigango chenu. Mtu mwaminifu haumizwi na swali, linamlinda. La tatu, diwani wenu akikosa akasema kweli, msimzomee mpaka ajute kusema. Mrekebisheni kama wale wa Ukerewe walivyofanya, kisha mpeni nafasi aendelee na kazi.

Na wewe ambaye ni diwani, ukisoma gazeti hili nyumbani kwako au ukisomewa na mwanao, jua ya kuwa watu wako hawahitaji bahasha yako kama unavyodhani. Wanahitaji kukuona kaburini ukichimba pamoja nao, na mkutanoni ukijibu. Bwana wetu aliwafundisha Mitume kwamba aliye mkubwa kati yao awe mtumishi wao. Mungu akupe miguu yenye nguvu ya kuizunguka kata yako, na kinywa cha kusema kweli hata kama inakuaibisha.