Kampala Iliyotoshea Kiganjani

Kilima cha Old Kampala kimezoea watu wanaotaka kutazama kutoka juu. Lugard alijenga ngome yake hapo mwaka 1890, na Januari 1892 bunduki yake ya Maxim ikaelekezwa Mengo. Leo kilele hicho ni mahali pa Msikiti wa Kitaifa, uliozinduliwa rasmi Machi 2008. Mgeni hulipa kiingilio, kisha hupanda ngazi zaidi ya 300 za mnara. Mimi nilipanda na mwanangu. Mama yake alisema magoti yake hayakuagizwa huko, akabaki chini uani na mwavuli wake mwekundu.

Kule juu nilipiga picha ya mji, kisha kwa programu ya simu nikatia ukungu sehemu ya juu na ya chini, nikabakiza ukanda mwembamba wa kati ukiwa dhahiri. Ajabu! Teksi nyeupe zikawa vigari vya watoto, na mabati ya paa yakawa vipande vya kadi.

Siri yake ni mazoea ya macho. Ukiinamia sinia la karanga na kukazia macho punje moja, za mbele na za nyuma hufifia. Mandhari ya mbali hayafanyi hivyo, huonekana wazi yote. Basi ukungu ukiwekwa juu ya mji, akili hudhani imeinamia kitu kidogo kilicho karibu. Wenye ufundi hutumia lenzi inayoinamishwa mbele ya filamu. Ndivyo Mwitalia Olivo Barbieri alivyoipiga Rome kutoka helikopta. Jua liwe kali, rangi ziwe nyingi, na upige kutoka juu. Jihadhari na jengo refu linalokatiza ukanda ule: kichwa chake kitatiwa ukungu hali kiwiliwili ki wazi, na uongo utagundulika mara moja.

Nilimwonyesha mwanangu kwa majivuno. Akaicheka mitaa, akazihesabu teksi, kisha akanyamaza.

“Baba, mama yuko wapi?”

Alikuwa chini kabisa ya picha, ndani ya ukungu, doa jekundu lisilo na umbo. Niliuondoa ukungu, nikarudi kwenye picha ya asili. Kampala ikawa kubwa tena, na chini ya mwavuli mtu alikuwa akipunga mkono. Hiyo ndiyo tuliyoisafisha na kuitundika sebuleni.