Ramani Iliyokataa Kufunguka

Mwalimu asipokijua chanzo cha kosa, huwa mwepesi wa kumtafuta mkosaji. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe nilipokuwa nikifundisha Jiografia ya Handeni na Korogwe.

Tulikuwa na karatasi nne za ramani za kipimo cha 1:50,000, kila moja ikiwa na upande wa sentimeta 55 hivi. Tulizipiga skana kwa nukta 600 katika kila inchi, tukaziunganisha kwa kompyuta ya kuazima iliyokuwa na nguvu zaidi, ili wanachuo waweze kuifuata njia kutoka Handeni mjini hadi mto Pangani pale Korogwe. Siku ya somo, kompyuta yetu ilikataa kuifungua picha, ikieleza kwamba kumbukumbu haitoshi. Faili lilikuwa la megabaiti 160 tu, na kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 2. Nilimkemea mbele ya wenzake mwanachuo aliyekuwa akiiendesha, nikidhani ameiharibu.

Jioni nilikaa nikapiga hesabu. Faili la JPEG huihifadhi picha ikiwa imebanwa, mfano wa nguo zilizokunjwa sandukuni. Lakini likifunguliwa, kila nukta hudai baiti zake 3 kamili, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa buluu. Karatasi moja ilitoa nukta 13,000 kwa 13,000. Zote nne zilifanya 26,000 kwa 26,000, yaani nukta milioni 676. Mara 3, ni baiti milioni 2,028. Picha moja ingeijaza karibu kumbukumbu yote, na kompyuta isingebakiwa na nafasi ya kazi zake nyingine.

Kesho yake nilimwomba radhi mwanachuo yule mbele ya wenzake walewale, kisha nikalipa darasa hesabu hiyo. Wao ndio waliogundua kwamba nukta zikipunguzwa kutoka 600 hadi 300 kwa inchi, mzigo haubaki nusu bali robo: baiti milioni 507. Tuliihifadhi picha ya asili, tukatumia nakala ndogo, na majina ya vijiji yalisomeka. Palipohitajika undani zaidi, tulifungua karatasi moja moja. Ramani za intaneti nazo hukatwa vipande vidogo, mara nyingi vya nukta 256 kwa 256, kwa sababu hiyohiyo.

Walimu wenzangu, yafaa tuwazoeze wanachuo kuuliza upana na urefu wa picha, siyo ukubwa wa faili peke yake. Nasi hatuna budi kupima kwanza kabla ya kukemea. Huenda tukishapima, tusimwone wa kumkemea.