Dungu la Bibi, Zizi la Baba Mkubwa

Basi la kutoka Morogoro lilinishusha Ifakara alasiri, mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yanaaga na matope bado yametanda pembeni mwa barabara. Mkononi nilikuwa na mfuko wa sukari, sabuni na doti mbili za khanga. Nusu ya mzigo ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, Mndamba wa Michenga. Nusu nyingine ilikuwa ya nyumba ya baba yangu mkubwa, Msukuma, anayeishi ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga.

Mimi ni mtoto wa pande hizo mbili. Baba alitoka Shinyanga angali kijana akaja Kidatu kukata miwa, na huko ndiko alikomwoa mama. Tangu nikiwa mdogo nimesikia kila upande ukimsema mwenzake. Kwa kina mama: Wasukuma ni matajiri, wana ng'ombe, wanatumaliza ardhi. Kwa kina baba: Wandamba wana kwao, wana shule na hospitali mlangoni, sisi kila siku ni watu wa kuhamishwa. Maneno hayo nimekua nayo. Safari hii nilikwenda kutazama mwenyewe nani ana nini.

Michenga ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na bodaboda haikuchukua muda kunifikisha. Nyumba ya bibi ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, ina umeme, na luninga ya sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mpita njia angesema hapa pana neema. Lakini bibi mwenyewe hakuwepo.

"Bibi yako yuko shamba tangu Januari," mama mdogo aliniambia akinipokea mfuko. "Utamkuta dunguni kesho."

Usiku tulikula ugali na perege wa kukaanga. Nikauliza mchele uko wapi, kwa sababu nilikuwa nimeutamani njia nzima. Mchele wa Kilombero unasifiwa Dar es Salaam, unasifiwa Zanzibar. Mama mdogo alinijibu bila kuona aibu, na hakuwa na sababu ya kuona aibu: "Wetu uliisha Februari, mwanangu. Sisi tunalima mpunga, tunakula sembe ya dukani."

Alinieleza inavyokuwa. Mpunga unavunwa kuanzia Juni, na papo hapo walanguzi wanajaa na magunia yao, bei ikiwa chini kuliko miezi yote. Mwenye deni la mbolea anauza. Mwenye mgonjwa anauza. Kinachobaki hakifiki mbali baada ya Krismasi. Januari watoto wanataka sare, madaftari na michango, na shamba nalo linataka vibarua wa palizi. Ndipo mtu anauza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei anayotaja mnunuzi. Ukishauzwa hivyo, mwezi wa Juni unavuna mali ya mwenzio.

Hata hivyo watoto wa nyumba ile wanasoma wote. Mmoja yuko kidato cha tatu, mwingine anasubiri matokeo. Akiugua mtu usiku, Hospitali ya Mtakatifu Francis ipo mjini. Na Ifakara imezoea utafiti wa afya tangu 1957, Waswisi walipofungua pale maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mama mdogo anakumbuka vyandarua vya Zuia Mbu vilivyouzwa Kilombero na Ulanga miaka ya tisini, kabla sehemu nyingi za nchi hazijajua chandarua chenye dawa ni nini. Ujirani na hospitali na shule ni mali, japo haifungwi kamba wala haipimwi kwa gunia. Upande wa mama hatujazoea kuihesabu, na nadhani tunakosea.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Kivukoni. Zamani hapa ulisubiri pantoni, na maji yakijaa ulisubiri zaidi. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapa, dhoruba ikivuma. Leo kuna Daraja la Magufuli, mita 384, lililofunguliwa 2018. Nilishuka katikati ya daraja nikasimama. Chini, mvuvi mmoja alikuwa anakagua migono yake ndani ya mtumbwi, akiinua mmoja mmoja na kuurudisha majini, mingi ikiwa mitupu. Kulia na kushoto ni mbuga ya maji na majani mpaka macho yanachoka, na nyuma yangu Milima ya Udzungwa imejifunika wingu.

Bonde hili linatamaniwa na wengi. Mwaka 2002 lilitangazwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000. Ni makazi ya sheshe, swala ambaye Tanzania ina wengi wake kuliko nchi nyingi. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji yanatoka humu, na hayo ndiyo yanayokwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Mkulima anayataka, mfugaji anayataka, mvuvi, mnyama na taifa linalotaka umeme nao wanayataka. Na watu wanaongezeka: Wilaya ya Kilombero peke yake ilihesabiwa watu 321,611 mwaka 2002, na miaka kumi baadaye 407,880.

Shamba la bibi liko mbali na barabara ya Mahenge, mwendo wa saa nzima kwa miguu, nusu yake ndani ya maji ya kifundo cha mguu. Nilianza kusikia makopo kabla sijaliona dungu. Ni kichanja juu ya nguzo nne, paa la nyasi, ngazi ya fito. Kutoka pale juu kamba zimetandazwa shambani pande zote, na kila kamba imetundikwa makopo ya maziwa na ya rangi. Kwelea kwelea wakitua, bibi anavuta kamba, makopo yanagongana, kundi zima linanyanyuka kama moshi na kwenda kutua kwa jirani. Jirani naye anavuta kamba yake. Hivyo kutwa nzima, tangu mpunga unaanza kutoa suke mpaka unavunwa.

"Mume wangu umekuja!" alipiga kelele toka juu. "Panda, ushike kamba hii, mimi nikutengenezee chai."

Nilishika kamba. Baada ya saa moja bega liliwaka moto. Bibi ana zaidi ya miaka sabini. Ndani ya dungu kuna mkeka, sufuria mbili na chandarua cha buluu kilichoshonwa viraka, maana huku shambani ndiko mbu wanakokula watu zaidi. Ile nyumba ya bati na umeme ya Michenga anaikalia nusu mwaka tu.

Ana eka sita alizoachiwa na marehemu babu. Nne analima mwenyewe na vibarua. Mbili amezikodisha, na aliyezikodi ni mkwewe, yaani baba yangu mkubwa. Sikuwa najua.

"Februari ya mwaka juzi nilikuwa sina hata ya kilo ya unga," alisema, macho yakiwa shambani. "Mkwe akamtuma mwanawe na hela mkononi. Nikampa msimu mmoja. Msimu ukaisha, nikawa nadaiwa dukani, nikampa mwingine. Sasa ni wa tatu." Akavuta kamba. "Simlaumu. Ananilimia hizi nne kwa maksai wake kabla hajagusa zake. Jembe la mkono lingeshaniua."

Nilimuuliza kama ni kweli Wasukuma wanawamaliza. Alifikiri. Akasema wapo walioingiza ng'ombe kwenye mpunga wa watu usiku na hawakulipa mpaka leo. Akasema pia wapo Wandamba walioiuza kijijini ardhi ya ukoo, wakanywa hela, kisha wakasimama mkutanoni kuwatukana walionunua. "Wote nawajua kwa majina," alisema, na hakutaja hata moja.

Jioni mtoto wa baba mkubwa alinifuata na pikipiki. Tulikata mbuga zaidi ya saa moja. Nilipofika, kitoto cha miaka minne kilinikimbilia na kunisalimia, "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama. Wakubwa wakacheka. Nikamshika baba mkubwa miguu, shikamoo, naye akanishika kichwa kwa muda.

Nyumba nne, tatu za nyasi na moja ya bati isiyokwisha. Kipande cha sola juu ya paa kinachaji simu saba. Wake wawili, watoto kumi na wanne. Ng'ombe walirudi, wakajipanga kuingia zizini. Mwenyewe hataji idadi yao, wala si adabu kumuuliza. Nilihesabu kwa macho nikafika sitini hivi. Stooni mpunga wa mwaka jana bado umepangwa mpaka karibu na paa. Hawauzi mpaka bei ipande, maana akiugua mtu au ikitakiwa mahari anatolewa ng'ombe. Chakula kilikuwa wali, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, waliyoletewa na ndugu wa Shinyanga. Nilikula wali wa Kilombero kwa Msukuma, siku moja baada ya kuukosa kwa Mndamba.

Kisha niliona na upande wa pili. Maji ya kunywa yanachotwa kwenye kisima cha kuchimba kwa jembe, hatua chache kutoka mahali mifugo inaponywea. Kati ya watoto wenye umri wa shule, watatu tu wanasoma. Masika mbuga inajaa, na shule iko ng'ambo ya maji hayo. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili, mwepesi wa akili kuliko mimi nilivyokuwa umri ule, aliniomba kalamu yangu akaandika jina lake kwenye kiganja. Amejifunza kwa kaka yake, usiku. Mke mdogo alijifungulia njiani, juu ya pikipiki iliyokwama kwenye matope, akielekea kituo cha afya. Mtoto alipona.

Baba mkubwa alinisimulia bila kupandisha sauti. Aliondoka Shinyanga malisho yalipokwisha, akaenda Usangu. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu kuokoa Mto Ruaha Mkuu, akaja Kilombero. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde hili, na hapo alipoteza zaidi ya nusu: wengine walikufa njiani, wengine aliwauza kwa bei ya kutupa, wengine walikwenda kwenye faini. Hawa ninaowaona ni wa kuanza upya. "Nikijenga nyumba nzuri," alisema akiielekeza ile ya bati, "nitawaachia nani nikiambiwa niondoke?"

Usingizi haukuja haraka usiku ule. Kwa kula, kwa akiba na kwa nguvu ya kulima, nyumba ya baba mkubwa imeipita ya bibi mbali sana. Kwa shule, maji, matibabu na uhakika wa kulala mahali pamoja mwaka hadi mwaka, bibi amempita. Ng'ombe wa baba mkubwa wanaweza kuisha katika wiki moja ya operesheni. Eka za bibi zinaondoka polepole, msimu baada ya msimu, kila Februari. Anayesema kabila moja ndilo linalolinyonya jingine hajakaa na wote wawili. Ninachokiona mimi ni watu wawili wasio na ulinzi, wanaotafuta ulinzi kila mmoja mfukoni mwa mwenzake.

Na kuna jambo linalowakumba pamoja. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, ambako hairuhusiwi kulima wala kuchunga. Mahali mpaka unapopita ndilo swali la kila kikao nilichopita karibu nacho, cha Wandamba na cha Wasukuma. Mimi nataka bonde litunzwe. Mto ukikauka, wote wamekwisha. Lakini mpaka ukichorwa bila kukaa na wanaoishi pale, bibi na baba mkubwa watakuwa wavamizi pamoja, mmoja kwenye mpunga na mwingine kwenye malisho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, kutoa hati za kimila na kupanga eneo la kilimo, la malisho na la njia ya mifugo. Ni sheria nzuri. Asubuhi kabla sijaondoka nilimuuliza baba mkubwa ana karatasi gani. Alileta sanduku la bati, akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto, risiti mbili za faini zilizofifia, na ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la hesabu. Umeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu: eka mbili, msimu mmoja, jina la bibi, jina lake, dole gumba la kila mmoja.

Msimu ulioandikwa pale uliisha miaka miwili iliyopita. Karatasi haina muhuri wa kijiji, na bibi hana nakala.